Somo: Mgeni unayetaka kufungua biashara Tanzania, anzia hapa

Kila wiki naulizwa jambo hili hili, na wengi wanakuja wakiwa wameshalipia fremu (chumba cha duka). Someni kwanza, ndipo muulize.

1. Hakikisha biashara yako mgeni anaruhusiwa kuifanya. Pesa nyingi za watu zinapotelea hapa. Tangu Julai 2025 kuna amri inayomkataza asiye raia kufanya biashara 15. Baadhi ni duka la jumla au rejareja (supamaketi hazimo), uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, saluni isiyo ya hotelini wala ya kitalii, kuongoza watalii, udalali wa nyumba, kununua mazao shambani na viwanda vidogo. Ukikamatwa, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo hadi miezi 6, au vyote viwili, na visa na kibali vinafutwa.

Kuna atakayekwambia, "Tumia jina la shemeji yangu." Kataa! Raia anayekusaidia naye ana faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Halafu mkikosana, leseni ina jina lake, mkataba wa pango una jina lake, akaunti ya benki ni yake. Nilisimama na mama mmoja wa Bukavu akitazama vitenge vyake vinatolewa dukani robota baada ya robota. Mtaji wote ulikuwa wake, na hakuwa na karatasi hata moja ya kwenda nayo mahakamani.

2. Sajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kwa mtandao. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

3. Chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA, mamlaka ya mapato.

4. Mkataba wa pango uwe kwa jina la kampuni, si lako.

5. Leseni ya biashara. Kama wanahisa wote mko nje, mnampa hati ya uwakilishi Mtanzania au mgeni mwenye kibali cha ukaazi daraja A (tazama namba 6).

6. Vibali ni VIWILI. Kibali cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya 2015. Kibali cha ukaazi kinatoka Uhamiaji. Kimoja bila kingine hakikulindi. Mwenye mtaji ni daraja A, mwajiriwa ni daraja B. Visa ya biashara ya dola 250 ni ya shughuli fupi, siku 90 basi. Usiendeshee kampuni.

MASWALI

Mwana Lubumbashi: Mkuu, nataka duka la nguo Kariakoo, nianzie wapi?
Jibu: Anzia namba 1. Rejareja imo kwenye zilizokatazwa.

Mwana Lubumbashi: Lakini mbona wageni wamejaa pale?
Jibu: Mwenye leseni ya kabla ya amri aliruhusiwa kuendelea mpaka iishe muda. Wengine siwasemei.

Wanjiku: Dada, shikamoo. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki si tuna itifaki ya soko la pamoja? Nataka kusindika maziwa Arusha.
Jibu: Marahaba mdogo wangu, umeuliza la maana. Itifaki ipo tangu 2010 na inatoa haki ya kuanzisha shughuli. Kenya ililalamika amri ilipotoka. Ila ofisa wa leseni anafuata amri, nayo inasema "asiye raia". Uraia wa nchi nyingi za Jumuiya unakuondolea visa ya kuingia, haukuondolei kibali. Sasa maziwa: viwanda vidogo vimekatazwa, na sera ya biashara ndogo na za kati ya 2003 inahesabu kiwanda kidogo kuwa chenye wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji wa zaidi ya milioni 5 hadi milioni 200. Andiko lako lionyeshe mtaji na ajira zinazovuka hapo, na ukae na wakili kabla ya kununua mashine. Niletee rasimu, nitaisoma.

Baba Amani: Kuna mtu anataka milioni mbili taslimu, anasema kibali ni siku tatu.
Jibu: Kishoka huyo. Serikali inalipwa kwa namba ya malipo, na risiti inatoka kwa jina lako.
Baba Amani: Mbona mkali? Nimeuliza tu.
Jibu: Bora nikukere leo kaka, pesa yako ibaki mfukoni.

Mzee wa Forodhani: Wanaokuja Zanzibar wajue kampuni inasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa huku, uwekezaji ni ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya huku, na kibali cha kazi ni cha huku huku. Uhamiaji ndio wa Muungano.
Jibu: Ahsante mzee wangu, nilikuwa sijaligusa hilo.

Neema: Nyongeza kwenye namba 4: mwambieni mwenye fremu aweke kipengele cha kurudisha kodi ya miezi iliyobaki kama kibali kitakataliwa. Wangu alikubali, tukasaini mbele ya wakili.