Kabla Hujalinunulia Springi Mpya Gari la Spoti la Zamani

Mwenye gari la spoti la zamani akishachoka kurushwarushwa kila akikutana na kiraka barabarani, hukimbilia kuagiza seti nzima: springi fupi, shokabsoba za kurekebishika, bushi ngumu za rangi (vile vipande vinavyokaa kwenye maungio ya saspensheni). Seti nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka gari likate kona bila kulala upande, na ambaye yuko radhi mgongo uumie kwa ajili hiyo. Wewe unatafuta kinyume chake. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, amua gari litatumika vipi, kisha umwambie fundi waziwazi kwamba unataka ulaini. Usipomwambia, akiona gari la spoti atakufungia vitu vya mbio.

Jambo ambalo wauza vipuri hawalisemi kwa sauti ni kwamba ugumu mwingi wa magari haya hayakutoka nao kiwandani. Jaguar E-Type ilianza kuuzwa 1961, MGB 1962, na MGB ya mwisho ikatoka 1980. Hata hilo la mwisho limeshazeeka raba, mafuta na chuma. Mara nyingi gari kama hilo hulainika zaidi likirudishwa katika hali yake ya awali kuliko likifungiwa vitu vipya juu ya uchakavu.

Anza na matairi, kwa sababu ndiyo yanayogusa barabara na kuyachunguza hakugharimu kitu. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Halafu tafuta ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya 2000, na hata kama meno yake bado marefu, mpira umeshakauka. Angalia pia rimu. Huenda mwenye gari aliyekutangulia aliweka rimu kubwa na matairi yenye ubavu mfupi kwa ajili ya urembo. Ubavu wa tairi ndio springi ya kwanza ya gari, na ukishapunguzwa hakuna shokabsoba itakayourudisha. Kurudi kwenye kipimo cha rimu cha asili, kwa maoni yangu, kunashinda nusu ya seti zinazouzwa.

Kiti nacho husahaulika. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960 yalibebesha mto wa kiti juu ya mikanda ya mpira, na mikanda hiyo hulegea na kukatika. Ingiza mkono chini ya kiti huku mwenzako amekalia. Ukihisi makalio yake yamekaribia sakafu, umeshapata sehemu ya maumivu yako kabla hata hujainua jeki.

Sasa ingia chini ya gari ukiwa na tochi na bisibisi. Bushi za raba zilizopasuka, au zilizovimba kwa kulowa mafuta, hupitisha kila mtetemo hadi kwenye usukani. Kwa gari lenye springi za mabamba nyuma, kama MGB, chungulia kati ya bamba na bamba. Ukiona unga wa kahawia umejaa humo, mabamba yameshikana kwa kutu na hayatelezi tena. Springi ya namna hiyo haijali mashimo madogo kabisa: hukaa kama boriti mpaka lije shimo kubwa, ndipo inaachia kwa kishindo. Kuifungua, kuisafisha na kuipaka grisi huleta mabadiliko ambayo watu hudhani yametokana na vipuri vya bei mbaya. Zile shokabsoba za mkono za MGB nazo zina mafuta ndani. Kagua kama zinavuja kwenye tundu mkono unapotokea. Za mbele usizidharau, kwani mkono wake ndio huohuo mkono wa juu wa saspensheni, na ukilegea hata uelekeo wa gurudumu huharibika.

Bisibisi ni ya kugongagonga mahali saspensheni inapofungwa kwenye bodi. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, au ncha inazama. Ikizama, safari ya springi imeishia hapo; kwanza mchomeleaji.

Kuna kipimo kimoja ambacho wengi hukiruka, kisha hujuta. Simamisha gari mahali pa tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, pembe zote nne. Usipime kutoka ardhini, maana tairi litakudanganya. Andika na upige picha. Halafu, kama shokabsoba zako ni za fimbo, funga uzi wa plastiki wa kubania nyaya kwenye kila fimbo, uusukume hadi ukutane na bomba la shokabsoba, uendeshe barabara yako ya kawaida. Ukirudi, uzi utakuwa umesogezwa hadi mahali saspensheni ilipofikia ilipobanwa kabisa. Ukikuta umefika hadi kwenye raba ya kuzuia chuma kisigonge chuma, gari lako si gumu kwa sababu ya springi nzito. Ni gumu kwa sababu nafasi ya kushuka imekwisha. Magari mengi yaliyoteremshwa yana ugonjwa huu, na dawa yake ni kuyarudisha juu.

Ukishayajua hayo ndipo uzungumzie kununua. Ugumu wa springi ulioandikwa kwenye karatasi si ugumu unaofika kwenye gurudumu. Springi ikikaa katikati ya mkono wa saspensheni, gurudumu hupata robo tu ya ugumu huo. Kwa hiyo usilinganishe namba za gari moja na jingine. Porsche 911 za miaka ya mwanzo hazina hata springi za kuzunguka. Zina fito za chuma zinazosokoteka, na ugumu wa ufito hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake (kipenyo mara kipenyo mara kipenyo mara kipenyo). Kutoka milimita 19 hadi 21 kunasikika kama jambo dogo, kumbe ni karibu asilimia 50 zaidi. Anayetaka ulaini asiuguse ufito mnene.

Usibadilishe mbele peke yake wala nyuma peke yake bila kufikiri. Mhandisi Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce akaenda General Motors, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba gari hutulia vizuri springi za nyuma zikicheza kwa kasi zaidi kidogo kuliko za mbele. Sababu ni rahisi: tuta hupigwa na mbele kwanza, nyuma inachelewa, hivyo inahitaji kuiwahi mbele ili bodi ishuke kwa pamoja. Ukiuvuruga uwiano huo gari litaanza kuinama na kuinuka kwa zamu, na ulaini wote ulionunuliwa hautaonekana. Shokabsoba nazo zichaguliwe kwa springi utakazofunga, na kama zinarekebishika, anza na upande laini kabisa. Bushi? Raba, ya kawaida. Zile ngumu ni za wanaoshindana.

Kabla ya siku ya kazi, paka boliti zote mafuta ya kulegeza kutu, urudie kwa siku kadhaa, na uwe na boliti mpya pembeni kwa sababu baadhi zitakatika. Gari likae juu ya stendi za chuma, si jeki tupu. Springi ya kuzunguka iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Kama huna kibano kizima cha springi au hujawahi kukitumia, mwachie mwenye uzoefu. Na bushi za raba zisikazwe magurudumu yakiwa yananing'inia. Zishike kwa mkono tu, shusha gari lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ukizikaza hewani, raba hubaki imesokotwa siku zote, gari linasimama juu kuliko inavyotakiwa, na bushi mpya hupasuka mapema.

Vipuri vya zamani vifungwe na kuandikwa majina, visitupwe. Thamani ya gari la zamani iko pia katika kuweza kurudishwa lilivyokuwa. Ijulishe kampuni ya bima kabla, si baada.

Alaimenti, yaani kunyoosha uelekeo wa magurudumu, usiende kuifanya jioni hiyohiyo. Springi mpya hushuka kidogo zikizoea mzigo, na vipimo vilivyowekwa siku ya kwanza vitahama pamoja nazo. Litembeze gari kilomita mia chache, rudia kile kipimo cha gurudumu hadi madigadi, na urefu ukishaacha kubadilika ndipo ulipeleke, likiwa na mafuta kiasi unachobeba siku zote na mtu wa uzito wako kwenye kiti cha dereva.