Tangi kubwa la kioo la samaki: namna ya kulijenga na kuziba linapovuja

Anayefuga samaki wa mapambo au kulea vifaranga vya ngege jijini Nairobi hufika wakati akahitaji tangi la lita 500 na zaidi, na bei ya lililo tayari humrudisha kwa fundi wa vioo. Kulijenga nyumbani kunawezekana kabisa. Matangi mengi yanayovuja huponzwa na mambo mawili: kioo hakikusafishwa, au stendi ilikaa upande. Ni nadra kosa kuwa la silikoni yenyewe, yaani gundi inayounganisha vioo.

Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60. Maji yakifika kina cha sentimita 55, ni karibu lita 560, yaani kilo 560. Vioo vyenyewe vina kilo 120 hivi, bado mchanga na stendi. Sakafu za ghorofa za makazi kwa kawaida huchorewa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na uzito huu wote unakaa juu ya mita moja ya mraba tu. Liweke chini kabisa, kwenye sakafu iliyomwagwa juu ya ardhi. Anayeishi ghorofani ajenge dogo, au amwite mhandisi kwanza.

Kioo kiwe cha milimita 12. Kwa kina hicho maji yanausukuma ubavu mrefu kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 270, mchana na usiku. Kioo cha dirisha cha milimita 6, ambacho baadhi ya mafundi hukupendekezea ili kupunguza gharama, kikatae.

Vipimo vya kumpa mkataji, kwa milimita: kitako kimoja 1800 kwa 600, mbavu ndefu mbili 1800 kwa 590, zitakazosimama juu ya kitako, mbavu fupi mbili 572 kwa 590, zitakazoingia katikati ya zile ndefu. Hiyo 572 ndiyo huwapotosha wengi. Ukitoa unene wa vioo viwili kutoka 600 unapata 576, lakini lazima utoe tena milimita 2 kila upande, nafasi ya silikoni. Ukisahau, kioo kinagusa kioo, silikoni yote inakamuliwa nje na kiungio kinabaki kikavu. Vijiti vya kuchokonolea meno, vikipangwa kwenye viungio, hushikilia nafasi hiyo vizuri. Vichomoe silikoni ikishakauka, kisha ujaze matundu yake. Mwambie pia fundi akuuzie vipande vya mikanda ya juu: viwili vya upana wa milimita 70 vya kugundishwa kwa ndani kando ya mbavu ndefu, na kimoja cha 150 cha kukatiza katikati. Bila hivyo ubavu wa mbele utatuna na viungio vitaanza kuchanika kuanzia juu.

Silikoni iwe silikoni tupu, ile inayonuka siki. Usinunue ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Nunua mirija minne ya mililita 300, usije ukaishiwa katikati ya kazi.

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakuchomea stendi ya paipu za mraba za milimita 50. Juu yake weka ubao wa milimita 18, halafu stairofomu (povu gumu jepesi) ya milimita 25 inayomeza mabonde madogo. Kifaa cha pima maji kipite urefu, upana, na kona kwa kona, kuhakikisha stendi imekaa sawa.

Futa kingo za kila kioo kwa spiriti na karatasi safi ya tishu, ukibadilisha karatasi hadi itoke nyeupe kama ilivyoingia. Baada ya hapo usiguse ukingo kwa kidole: alama moja ya jasho inatosha kuzuia silikoni kushika. Paka silikoni kwenye viungio, simamisha ubavu wa nyuma, kisha mfupi, mfupi wa pili, na wa mbele mwisho, ukifunga kwa tepu. Silikoni hukauka kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 hadi 3 kwa siku, na baridi ya Juni hadi Agosti huichelewesha. Subiri wiki nzima. Kisha jaza theluthi moja, ulale. Theluthi mbili, ulale. Halafu ujaze hadi usawa wake na uliache wiki nyingine kabla ya samaki kuingia.

Likivuja, usikimbilie kupaka nje. Maji yanasukuma kutoka ndani, kwa hiyo kiraka cha nje husukumwa kikabanduka, ilhali cha ndani hugandamizwa na maji hayo hayo. Kwanza hakikisha linavuja kweli: weka ndoo ya maji kando yake, uweke alama kwenye vyote viwili. Vikishuka sawa, ni jua na upepo. Tone unaloliona konani huenda limetoka mbali, kwani maji hutambaa chini ya kioo. Kausha nje, pachika tishu kavu kwenye viungio vyote, uone ipi inalowa kwanza. Njia nyingine ni kuyaacha maji yashuke yenyewe: yakisimama, tundu liko kwenye usawa huo.

Sasa toa maji yote. Kwa wembe, kata ukanda wa ndani wa silikoni katika viungio vyote, hata visivyovuja, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya iliyokauka, na ukiziba kipande tu maji yatapita kwenye mwungano. Silikoni iliyo kati ya vioo iache, isipokuwa ukiona mapovu yaliyopenya kutoka ndani hadi nje. Hapo vioo vibanduliwe vyote. Kioo chenye ufa kibadilishwe, hakizibiki. Futa kwa spiriti, acha likauke siku nzima. Bandika tepu ya karatasi milimita 8 kutoka konani pande zote mbili, jaza silikoni, lainisha kwa kidole mara moja, na ung'oe tepu kabla silikoni haijafanya ngozi. Ukichelewa, tepu inang'oka na ukingo wake.

Harufu ya siki ikiisha, suuza mara mbili. Maji ya mfereji yana klorini; yapulizie hewa saa 48. Pampu ya hewa isizimwe: Nairobi iko juu sana, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa yakiwa na joto lile lile. Kila unapopunguza maji, chomoa hita kwenye stima kwanza, uiache ipoe ingali majini.