Kabla ya tuta, tazama utoro

Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi wengi hukimbilia kuona kama tuta la lambo bado lipo. Mimi huanzia kwenye utoro wa maji, yaani njia ya pembeni ya kutolea maji yanayozidi. Malambo mengi madogo ya udongo huvunjwa na maji yaliyokosa njia, yakapanda hadi juu ya tuta na kuanza kulichimba upande wa nyuma. Yakishavuka, saa chache zinatosha.

Utoro ukatwe pembeni, kwenye ardhi ngumu ya asili, usipite juu ya udongo wa kujaza. Uwe mpana, uoteshwe nyasi, na sakafu yake iwe chini ya kilele cha tuta kwa takribani mita 1. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni watu kupanga viroba vya mchanga kwenye utoro ili lambo libebe zaidi. Kwa maji ya kufika magotini, mnaliweka rehani lambo zima.

Kabla ya masika, tembea juu ya tuta mwanzo hadi mwisho. Palipo na njia ya ng'ombe pamebonyea, na maji yatapita hapo kwanza. Pima usawa kwa mpira mwembamba mwangavu uliojazwa maji, kisha jaza udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka la sentimita 15 hadi 20, ukishindilia kila tabaka. Nyasi ziache. Mti ung'oe ungali mche, maana mzizi ukioza huacha mfereji ndani ya tuta. Shimo la panya lichimbue lote ulishindilie. Kuziba mdomo tu ni kujidanganya.

Maji yakichuruzika kwenye kitako cha tuta, yakinge kwenye chupa. Yakiwa maangavu, weka alama uone kama yanaongezeka. Yakiwa na tope, tuta linaliwa kwa ndani: fungua bomba la kutolea maji ya lambo uyapunguze, waondoe watu wa upande wa chini, mwite mhandisi siku hiyohiyo.

Mifugo inyweshwe kwenye birika nje ya uzio, kwa sababu kwato huporomosha kingo na tope hula kina. Jua likinyonya milimita 5 kwa siku, lambo la hekta 1 hupoteza lita 50,000, kiasi cha kunywesha ng'ombe zaidi ya 1,000. Kwa hiyo ukifukua, ongeza kina badala ya kutanua, ila kaa mbali na kitako cha tuta na usitoboe mfinyanzi wa sakafuni.