Impro ya kuchekesha: hatua za kuanza na kukua, kwa vikundi vya Lubumbashi

Impro ni kuigiza bila maandishi na bila mazoezi ya tukio lenyewe: watazamaji wanatoa neno, nanyi mnatengeneza kipande palepale. Lubumbashi haianzii sifuri. Kundi la Mufwankolo lilichekesha mji huu kwa michezo ya televisheni isiyoandikwa, ambapo waigizaji walijadiliana kwanza wazo, wakagawana vipande, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mbele ya watu. Impro inaondoa hata yale majadiliano ya mwanzo. Kwa hiyo kinachofanyiwa mazoezi si mchezo, ni tabia ya mwigizaji.

Hatua ya 1: kundi na mahali

Watu 6 hadi 8, mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara. Chumba chenye nafasi ya mita 4 kwa 5 kinatosha, pamoja na viti viwili. Mtu mmoja anabaki nje ya mchezo na saa mkononi; mnapokezana kazi hiyo. Kabla ya kuanza, kila mmoja aseme ni wapi mwilini hataki kuguswa. Inachukua dakika moja, na bila hiyo dada wengi huacha kuja bila kusema kwa nini.

Hatua ya 2: masikio

Simameni mviringo, macho chini, mhesabu hadi 20. Yeyote aseme namba inayofuata. Wawili wakisema pamoja, mnarudi 1. Kundi jipya hukwama kwenye 6 au 7, kwa sababu kila mtu anawinda nafasi yake ya kusema. Siku mtakapoacha kuwinda, mtafika.

Kisha wawili wawili, dakika 5: anza sentensi yako kwa neno la mwisho la mwenzako. Zoezi hili linavunja ugonjwa wa kuandaa jibu mwenzako akiwa bado katikati ya maneno.

Hatua ya 3: pokea, ongeza

Hapa kaeni mwezi mzima kama inabidi. Kanuni ni hii: lolote mwenzako alilosema jukwaani ni kweli, nawe unaliongezea kitu. Akisema mko ndani ya basi, mko ndani ya basi. Ukijibu “basi gani, hapa ni nyumbani”, watu watacheka mara moja, halafu nyote wawili mmebaki bila pa kwenda.

Wanaoanza huielewa vibaya, wakadhani kila mhusika lazima aseme ndiyo. Sivyo. Mhusika anaweza kukataa, mwigizaji hakatai. Chukua meza ya kambisti, yaani mbadilisha pesa, kando ya barabara. Mama anatoa noti ya dola 20. Kambisti anaiinua juani, anaigeuza, anapitisha ukucha pembeni.

— Mama, hii iko na tundu.
— Papa, tundu kidogo hivi? Hata sindano haipiti.
— Sindano haipiti, lakini mukubwa wangu akipita jioni ataiona.
— Basi muite huyo mukubwa. Ni bwana yangu.

Kambisti ameikataa noti tangu neno la kwanza, na bado mwigizaji wake amepokea kila kitu: noti ipo, tundu lipo, mama yupo. Kisha ameongeza mukubwa, na mama amempokea akamfanya mume wake. Kwa zamu nne za kusema mna uhusiano, mna siri, mna kambisti anayetokwa jasho. Hakuna aliyetunga kichekesho; kimetoka kwenye noti.

Zoezi: tukio la dakika 3, kambisti na mteja. Mmoja akibomoa alichojenga mwenzake, yule mwenye saa anapiga makofi mara moja, nao wanarudi sentensi moja nyuma. Msianze upya, maana anayeanza upya kila mara hajifunzi kutengeneza.

Punguzeni maswali. “Unafanya nini?” inamtupia mwenzako mzigo wote. “Naona umerudia kuipiga pasi hiyo suti ya harusi” inampa suti, harusi na wasiwasi.

Hatua ya 4: sentensi tatu za kwanza

Ndani ya sentensi tatu watazamaji wajue nyinyi ni nani kwa nani, mko wapi, na nani anataka nini. Anza na uhusiano: yaya (kaka au dada mkubwa) na mudogo wake, mkwe na baba mkwe, mwenye nyumba na mpangaji. Watu wawili wasiojuana hula dakika nzima wakisalimiana.

Mhusika mpe kazi na tamaa, usimpe kabila. Kuiga lafudhi ya kabila la wengine huleta kicheko cha haraka, lakini Katanga iliona Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, wakifukuzwa mwaka 1992 na 1993, na ndani ya ukumbi kuna watu ambao jambo hilo liliingia nyumbani mwao.

Hatua ya 5: mikono

Vitu havionekani, kwa hiyo vipe uzito. Bunda la faranga lina unene: vidole havigusani. Meza iliyowekwa mwanzo wa tukio haipitiwi katikati. Watazamaji huikumbuka hiyo meza kuliko nyinyi.

Hatua ya 6: ngazi

Kila mhusika yuko juu au chini ya mwenzake, na raha ya watazamaji ni kuona ngazi ikigeuka. Mwigizaji wa hapa ana chombo kizuri sana: lugha. Anayehama ghafla kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa amejipandisha. Anayeingia na Lingala la askari amebadilisha hewa ya chumba kabla ya kusema anataka nini. Ila uhame kwa sababu. Mkichanganya lugha ovyo, ngazi inapotea.

Hatua ya 7: kukata

Tukio linakatwa na aliye pembeni, kwa kupita mbele ya jukwaa, kwenye kicheko kikubwa. Kosa la kawaida ni kusubiri kingine kikubwa zaidi. Kateni tu.

Hatua ya 8: watu

Kwa maonyesho ya kwanza, mfumo wa mechi unasaidia, ule ulioanzishwa Montréal, Kanada, mwaka 1977 na Robert Gravel na Yvon Leduc. Timu mbili za watu 6, mwamuzi anasoma kichwa cha tukio, idadi ya wachezaji na muda, timu zina sekunde 20 za kunong’onezana, na watazamaji wanapiga kura kwa kadi za rangi. Matukio ni ya aina mbili: timu zote mbili pamoja, au kila moja peke yake kwa kichwa kilekile. Anzeni na dakika 40 tu. Umeme ukikatika, endeleeni. Tukio nalo limeingia gizani, na simu za watazamaji ndizo taa.

Baada ya kuonyesha, kila mmoja apewe maoni matatu, kila moja kuhusu sentensi au tendo moja lililotokea. “Ulikuwa vizuri” haisaidii. “Mama alipokutajia mume wake, uliangalia watazamaji badala ya kumwangalia yeye” inasaidia, na inaonyesha zoezi la wiki ijayo: mtu huyo arudi hatua ya 2.