Kumlea mwanafunzi wa utafiti wa mamalia, kuanzia droo ya makumbusho hadi msitu wa Amani

Mwanafunzi wa uzamili akifika kwa msimamizi wake, mara nyingi mada ameshaiandika na anataka kupanda Amani, kwenye milima ya Usambara, wiki hiyohiyo. Mzuie kwanza. Wiki mbili za mwanzo mpe droo ya vielelezo, yaani ngozi na mafuvu ya wanyama waliohifadhiwa makumbusho, mitego ije baadaye. Virukanjia (wanyama wadogo wenye pua ndefu wanaofanana na panya), panya wa porini na popo wa Usambara hawatambuliki kwa picha tu. Hutambuliwa kwa meno, fuvu na vipimo, na hayo hufundishwa mezani, mkusanyo ukiwa mbele yake.

Kabla ya droo yenyewe, mwambie akueleze swali lake la utafiti kwa Kiswahili, bila karatasi, kwa dakika tano. Mapendekezo mengi yanasomeka vizuri kwa Kiingereza lakini hayana swali ndani. Akishindwa kusema analinganisha nini na nini, na jibu gani litamwonyesha kuwa amekosea, hayuko tayari kuomba kibali.

Mazoezi ya fuvu

Chagua mafuvu 10 ya spishi moja. Ayapime kwa kalipa ya dijitali inayosoma milimita 0.01, kisha arudie siku tatu baadaye, na tena siku tatu baada ya hapo, bila kutazama namba za awali. Wewe ndiye unayekaa na karatasi za mwanzo. Kwa fuvu la kirukanjia, ambalo urefu wake ni kama milimita 20, tofauti ya zaidi ya 0.1 kwenye urefu mkuu inaonyesha kuwa hajui kwa hakika kipimo kinaanzia wapi. Kaa naye, mwonyeshe nukta hiyo kwenye mfupa, arudie. Afunge kalipa na kuhakikisha inasoma sifuri kabla ya kila fuvu, na betri ikianza kuchoka aibadilishe, maana hudanganya kabla ya kuzima. Taya za kalipa ziguse tu. Pua ya fuvu la kirukanjia huvunjika kwa kubanwa kidogo, na fuvu lililovunjika halipimiki tena na mtu yeyote.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kunakili orodha ya vipimo kutoka utafiti wa panya na kuipeleka kwa virukanjia: mwanafunzi anatafuta upana wa matao ya mashavu, na virukanjia hawana matao hayo. La pili ni kuchanganya watoto na wakubwa. Kabla ya kupima, aangalie kama meno ya nyuma yameota yote na kama maungio ya chini ya fuvu yameshikana. Asipofanya hivyo ataripoti tofauti ya jamii mbili ambayo kwa kweli ni tofauti ya umri.

Ngozi za zamani zishikwe kwa glavu, kwani nyingi zilipakwa aseniki kuzuia wadudu. Zibebwe juu ya kiganja, zisishikwe mkia wala miguu.

Lebo za zamani

Sehemu hii ipewe muda mrefu kuliko walezi wengi wanavyofanya. Lebo ya awali haifutwi, haisahihishwi, haiondolewi. Marekebisho huandikwa kwenye lebo mpya inayofungwa pembeni yake. Mfundishe mwanafunzi kunakili maneno kama yalivyo, kisha ndipo atafute mahali. Kielelezo cha enzi za Wajerumani kilichoandikwa Wilhelmstal kilitoka Lushoto. Neno Amani linaweza kumaanisha kituo chenyewe cha utafiti, kilichoanzishwa mwaka 1902, au msitu wowote wa karibu. Kwa hiyo kila nukta ya ramani iambatane na kadirio la umbali wa shaka, kwa mita. Urefu kutoka usawa wa bahari husaidia sana: Amani iko karibu mita 900, na Sigi chini ya 500, na wanyama wa sehemu hizo mbili hawafanani wote.

Viwianishi (latitudo na longitudo) viandikwe kwa desimali, na alama ya kutoa isisahaulike kusini mwa ikweta. Jiji la Tanga liko karibu −5.07, 39.10. Ukiondoa ile alama, popo wa mapango ya Amboni, karibu na Tanga, anajikuta kusini mwa Ethiopia, na kosa hilo likiingia kwenye hifadhidata huishi miaka mingi.

Uwandani

Vibali vianze miezi mingi mapema: COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na TFS, wakala wa misitu wanaosimamia hifadhi ya Amani. Mwanafunzi ajaze fomu mwenyewe, wewe usome kabla hazijatumwa. Kisha akajitambulishe kwa serikali ya kijiji, na posho ya vijana watakaombebea ndoo ipatanwe mbele ya mwenyekiti.

Kwa virukanjia, safu ya ndoo ndiyo inayofanya kazi: ndoo 11 za lita 15, kila moja mita 5 kutoka mwenzake, zikifukiwa hadi mdomo uwe sawa na ardhi, na uzio wa plastiki wa sentimita 50 ukipita juu ya ndoo zote katikati. Mdomo ukibaki juu ya udongo hata kwa sentimita mbili, mnyama anazunguka. Toboa matundu madogo chini ya kila ndoo, la sivyo mvua ya vuli itazijaza na utakuta mizoga. Safu moja kwa siku tano ni siku-ndoo 55, na namba hiyo ndiyo inayokuwezesha kulinganisha msitu na msitu, kwa hiyo iandikwe hata siku ambayo hakuna kilichonaswa. Kwa mitego ya panya, vipande vya nazi vilivyokaangwa na kupakwa siagi ya karanga hukaa vizuri kuliko chambo laini, ambacho sisimizi hukimaliza mapema.

Mitego ikaguliwe alfajiri na tena jioni, na kwa ndoo ongeza ukaguzi wa katikati, kwa sababu kirukanjia hufa kwa njaa ndani ya saa chache. Siafu wakipita kwenye safu, ihamishwe siku hiyohiyo. Usimwache mwanafunzi asubiri waondoke.

Kwenye meza ya kambini mpangilio ni huu: namba ya uwandani kwanza, kisha vipimo, kisha tishu, ngozi mwisho. Namba ni herufi za jina lake na tarakimu isiyorudiwa maisha yake yote, hata akibadilisha mradi. Vipimo huandikwa kwa mpangilio mmoja: urefu wote, mkia, mguu wa nyuma, sikio, uzito. Mfano: 132-52-14-9, gramu 11.5. Mguu wa nyuma ndio unaoleta balaa. Wakusanyaji wa Marekani hupima pamoja na ukucha, wengi wa Ulaya huuacha, na kwenye mguu wa milimita 14 ukucha wa milimita moja ni asilimia 7. Aandike alichofanya. Mkia uliokatika uandikwe kuwa umekatika, usipimwe kana kwamba ni mzima.

Tishu ya ini au msuli ikatwe vipande vidogo na kuwekwa kwenye ethanoli ya asilimia 96, ujazo wa kimiminika ukiwa angalau mara tano ya tishu. Ethanoli ibadilishwe kesho yake, kwani maji ya tishu huipunguza nguvu. Haya yote yafanyike kabla mnyama hajaguswa na formalini, dawa ya kuhifadhia mizoga inayoharibu DNA.

Kuhusu afya, usijadiliane na mwanafunzi. Anayeshika popo awe na chanjo ya kichaa cha mbwa kabla hajafika. Ndani ya mapango ya Amboni avae barakoa ya N95, kwa ajili ya kuvu wa kinyesi cha popo. Lushoto ilipigwa na tauni kuanzia mwaka 1980, kwa hiyo panya afungiwe mfukoni na viroboto wauawe kabla ya kupimwa.

Kurudi na kuandika

Ngozi mpya hazitangulii kabatini. Zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, zikae friza ya nyuzi −20 kwa wiki mbili ili wadudu wafe. Umeme ukikatika friza ikapata joto, hesabu inaanza upya. Mfuko usifunguliwe hadi ufikie joto la chumba, au unyevu utajikusanya juu ya manyoya, na kwa hewa ya pwani ukungu hauchelewi.

Kutaneni saa moja kila wiki, na mwanafunzi ndiye aandike mliyokubaliana na kukutumia siku hiyohiyo. Rasimu irudishe ndani ya wiki mbili. Usiisahihishe sentensi kwa sentensi. Weka alama pale hoja inapokatika na yeye arekebishe. Majina ya waandishi wa makala myapange kwa maandishi kabla ya safari ya kwanza, na msaidizi wa kijijini aliyetambua wanyama na kuendesha mitego ajadiliwe kwa haki, si kushukuriwa mstari mmoja tu mwishoni. Tasnifu isikubaliwe kuwasilishwa kabla kila kielelezo hakijapata namba ya makumbusho na kurasa zote za daftari la uwandani hazijapigwa picha na kuwekwa pamoja na mkusanyo.