Kupunguza Viporo vya Kazi Ofisini kwa Ubao, Kikomo na Kikao cha Tathmini

Kitengo cha ununuzi chenye watu sita mara nyingi hakikosi bidii. Kinachokikwamisha ni wingi wa kazi zilizoanzwa na kuachwa njiani, zikisubiri saini, ankara kifani (hati ya muuzaji inayotaja bei kabla ya ununuzi) au jibu la simu. Mbinu zinazoelezwa hapa zimetoka katika sehemu mbili: mfumo wa uzalishaji wa Toyota, uliojengwa na Taiichi Ohno na wenzake baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na tamko la Agile, yaani la kufanya kazi kwa hatua fupi na kujitathmini mara kwa mara, lililotolewa na watengenezaji programu 17 waliokutana Snowbird, Utah, mwezi Februari 2001. Hazihitaji mitambo wala mshauri wa kulipwa. Zinahitaji ukuta, karatasi, na kiongozi aliye tayari kunyamaza kwa dakika chache.

Wafanyakazi wa hospitali nchini Tanzania wameshakutana na sehemu ya urithi huu, kwa kuwa mbinu ya S tano, ya kupanga na kusafisha mahali pa kazi, ilianza kutumika katika Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007 kwa kufuata mfano wa Sri Lanka, na maneno yake ya Kijapani yakapata Kiswahili chake: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hata hivyo, faili linalokaa wiki tatu juu ya meza safi bado limekaa wiki tatu.

Anzeni kwa kuifanya kazi ionekane. Gawanyeni ubao katika safu zinazofuata njia ambayo ombi hupita kweli, si ile iliyoandikwa katika mwongozo: limepokelewa, linakaguliwa, linasubiri watu wa nje, limeidhinishwa, limekamilika. Kila ombi liwe na kadi moja yenye jina la anayelishughulikia na tarehe aliyoanza. Safu ya kusubiri isifichwe ndani ya safu nyingine, kwani huko ndiko siku nyingi hupotelea. Ohno alitaja aina saba za upotevu kiwandani, kusubiri ikiwa mojawapo, na kwa sadfa ya lugha neno la Kijapani la upotevu ni muda.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu kuliko zote: wekeni kikomo cha idadi ya kadi zinazoruhusiwa kuwa mikononi kwa wakati mmoja. Sababu yake ni ya kihesabu. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani John Little alithibitisha kwamba wastani wa muda ambao kitu hukaa ndani ya mfumo ni idadi ya vitu vilivyomo ikigawanywa kwa kasi ya kuvikamilisha. Kitengo chenye maombi 40 mezani, kinachokamilisha 8 kwa wiki, hukaa na kila ombi kwa wastani wa wiki 5. Kikishika maombi 16 kwa kasi ileile, kila moja hukaa wiki 2. Mtu anaweza kuuliza, tena kwa haki, kama yale 24 hayajahamishiwa tu nje ya mlango. Yamehamishiwa, ndiyo, lakini kwa kuwa hayajaguswa, yanaweza kupangwa upya kila Jumatatu, la haraka likatangulia na lisilohitajika tena likafutwa, na mwombaji akaambiwa ukweli badala ya kujibiwa kila siku kwamba ombi lake linashughulikiwa. Kikomo kikifikiwa, aliyemaliza sehemu yake asifungue faili jipya, bali amsaidie mwenzake kumaliza lililokwama.

Kila asubuhi simameni mbele ya ubao kwa dakika zisizozidi 15. Pitieni kadi kuanzia zile zilizo karibu kukamilika, mkiuliza ni nini kinachoizuia kila moja. Mkianza kuuliza nani alifanya nini jana, kikao kitageuka kuwa taarifa kwa bosi.

Kizuizi kinachojirudia kifuatwe hadi kwenye chanzo chake kwa kuuliza kwa nini, na kuuliza tena juu ya jibu lililopatikana. Tuseme maombi mengi hurudishwa na mhasibu. Kwa nini? Hayana ankara kifani. Kwa nini hayana? Waombaji hawajui kwamba inatakiwa. Hawajui kwa sababu fomu haisemi. Fomu haisemi kwa sababu iliandikwa kabla ya utaratibu kubadilika. Na haikurekebishwa kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu la kurekebisha fomu. Karipio kwa waombaji lisingegusa lolote kati ya hayo.

Kila baada ya wiki 2 fanyeni kikao cha tathmini cha dakika 45, na hapa pahitaji uangalifu kuliko pengine pote. Katika ofisi zetu mkubwa akishatoa maoni yake, wengine huafiki na kikao huwa kimekwisha. Kwa hiyo kila mtu aandike kwanza kimyakimya mambo mawili yaliyomchelewesha, karatasi zibandikwe bila majina, kisha azungumze kwanza aliye mgeni au mdogo kicheo, na kiongozi awe wa mwisho. Chagueni badiliko moja tu. Orodha ya maazimio kumi ni njia ya heshima ya kutotekeleza hata moja.

Badiliko hilo nalo lipewe kadi ubaoni, lenye jina la mtekelezaji, kipimo na tarehe ya kuangaliwa tena: kwa mfano, idadi ya maombi yaliyorudishwa katika wiki 4 kabla ya fomu mpya na wiki 4 baada yake. Lisipoonesha tofauti, liondolewe bila kumtafuta wa kulaumiwa, na kadi yake ibaki pembeni mwa ubao ili atakayekuja na wazo lilelile mwakani aone kwamba lilikwisha kujaribiwa, lini, na kwa matokeo gani.