Jinsi mji mdogo wa pwani unavyojipanga kwa bahari inayopanda

Mji mdogo hauna idara ya tabianchi. Una mhandisi mmoja, mpima ardhi wa kukodi na fungu la matengenezo linaloisha kabla ya mwaka. Kwa watu hao mpango wa kurasa kumi na ramani moja unatosha, mradi kila uamuzi ufungwe kwenye kimo cha maji kinachopimika. Mpango uliofungwa kwenye mwaka peke yake hukwama: kila mwaka kuna atakayesema "bado".

Sifuri ni ipi?

Kosa kubwa kuliko yote hutokea siku ya kwanza, na ni la hesabu ndogo. Majedwali ya maji kujaa na kupwa huhesabu kuanzia karibu na maji ya chini kabisa. Ramani za upimaji ardhi huhesabu kuanzia karibu na wastani wa usawa wa bahari. Sifuri hizo mbili zinaweza kupishana mita moja, mbili au zaidi. Tuseme jedwali linaonyesha bamvu (maji kujaa kuliko kawaida) la mita 3.8, na sifuri yake iko mita 2.0 chini ya sifuri ya ramani. Kwenye ramani maji hayo yako mita 1.8. Anayechora 3.8 moja kwa moja atazamisha nusu ya mji kwenye karatasi. Anayetoa mita 2.0 mara mbili atajenga kituo cha pampu chini ya maji.

Kwa hiyo mpe mpima ardhi kazi hii kabla ya nyingine yoyote. Ahamishe kimo kutoka alama rasmi ya upimaji hadi ufukweni, apigilie msumari wa shaba kwenye mwamba au zege la zamani lisilotitia, kisha asimamishe ubao wa kupimia kwenye nguzo ya gati, wenye mistari ya kila sentimita 10. Usome ubao huo wakati wa kila bamvu, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwa mwaka mzima. Piga picha, andika tarehe na saa.

Siku ya bamvu kubwa la mwaka (pwani nyingi huwa karibu na Machi au Septemba) tembea mji mzima na rangi. Weka alama pale maji yalipofika, na weka alama ya rangi tofauti pale yalipochomoza kupitia midomo ya mitaro. Wazee waonyeshe ukutani mafuriko mabaya waliyoyaona yalifika wapi, na mistari hiyo nayo ipimwe kimo. Ramani za bure za mwinuko zilizotengenezwa kwa setilaiti zinafaa kuchora picha ya jumla tu. Nyingi husoma mapaa na vilele vya miti, na hupotoka kwa mita kadhaa, ilhali hapa tunabishania sentimita 30.

Uongeze kiasi gani

Ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, inasema bahari ilipanda wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Ifikapo 2100 inakadiria mita 0.28 hadi 0.55 kama gesi chafu zitapunguzwa haraka sana, na mita 0.63 hadi 1.01 kama zitaachwa ziongezeke. Hesabu hizo zinaanzia wastani wa miaka 1995 hadi 2014, kwa hiyo sehemu ya kupanda huko tayari imo kwenye alama uliyopima mwaka huu. Usiihesabu mara mbili. NASA ina ukurasa wa mtandaoni unaotoa makadirio hayo kwa kila kituo cha kupima maji. Chukua kituo kilicho karibu nawe, kisha uliza kama ardhi yenyewe inatitia. Mji unaovuta maji mengi ya chini ya ardhi unaweza kushuka kwa kasi kuliko bahari inavyopanda.

Kiasi cha kuongeza kinategemea umri wa kitu. Alama ya juu ikiwa mita 2.10, pampu ya kutumika miaka 20 inaweza kuongezewa 0.15 ya bahari na 0.30 ya akiba: mita 2.55. Zahanati itakayosimama miaka 70 iongezewe 0.90 na akiba ya 0.50: mita 3.50. Kutumia kipimo kimoja kwa vyote ni kupoteza fedha kwenye pampu na kuhatarisha wagonjwa.

Kisha pita kwenye kila jengo muhimu na upime vimo viwili: kizingiti cha mlango, na kifaa cha umeme kilicho chini kuliko vyote. Hiki cha pili ndicho husahaulika. Sakafu ya hospitali inaweza kuwa kavu huku jenereta, lililowekwa uani kwenye zege la sentimita 10, limeshazimika. Kuinua jenereta na swichibodi ni kazi ya siku chache, na ianze mwaka huu.

Mvua ikikutana na maji kujaa

Hapa ndipo miji midogo huumia zaidi. Chukua hekta 10 za mji uliojengwa, ambako asilimia 80 ya mvua hutiririka. Mvua ya milimita 60 kwa saa moja inaleta mita za ujazo 4,800, na mtaro unatakiwa kupitisha takriban mita za ujazo 1.3 kwa sekunde. Kila nyuzi moja ya joto huifanya hewa ibebe mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo kadiria angalau milimita 64. Lakini bahari ikiwa juu ya mdomo wa mtaro, hakuna kinachotoka hata mtaro uwe mpana namna gani. Maji yanahitaji pa kusubiri. Bwawa au uwanja wa michezo ulioshushwa mita 1.5, wenye mita za mraba 3,200, unatosha kwa zile 4,800. Tenga eneo hilo kwenye ramani kabla halijajengwa, baadaye halitapatikana.

Mdomoni weka mlango unaofunguka kuelekea baharini tu. Chupa moja ikikwama kwenye ukingo wake inaacha mwanya wa sentimita 5, na bahari inaingia mtaani usiku kucha. Weka wavu wa nondo ndani ya mtaro, upande wa mji kabla ya mlango, nondo zikiachana chini ya upana wa chupa na kuinama ili taka zipande badala ya kuziba. Bawaba za chuma cha kawaida hushikwa na kutu na kome. Tumia mpira au chuma kisichoshika kutu. Kagua siku moja kabla ya kila bamvu.

Ufukwe na visima

Ukuta wa bahari hurudisha nguvu ya wimbi chini, mchanga wa miguuni pake hukokotwa, na mwisho ukuta huanguka kwa kukosa pa kukanyaga. Pembeni, ufukwe wa jirani huliwa haraka zaidi. Ujenge tu pale penye kitu kisichohamishika, na msingi ushuke chini ya kina ambacho mchanga huchimbika.

Mikoko, kwa pwani za joto, huota kati ya wastani wa usawa wa bahari na bamvu la juu. Miche mingi ya kampeni hufa kwa sababu hupandwa chini ya hapo, kwenye tope tupu. Mara nyingi inatosha kuweka kalvati chini ya barabara iliyoziba mkondo. Maji yakirudi, mbegu huja zenyewe.

Kwenye mchanga, kila mita moja ya maji baridi (yasiyo na chumvi) juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 chini yake. Ukishusha maji ya kisima sentimita 10, umepoteza mita 4. Pima chumvi kila mwezi.

Alama za kuamulia

Kila eneo lipewe namba mbili. Tuseme barabara ya soko hufunikwa na maji siku 4 kwa mwaka. Zikifika 10, usanifu na utafutaji fedha unaanza. Zikifika 25, barabara inainuliwa au soko linahama. Namba ya kwanza iwekwe mapema kadiri kazi inavyochukua miaka, kwani katika pwani nyingi za tropiki bahari kupanda sentimita 5 hadi 10 kunatosha kuongeza idadi ya mafuriko maradufu. Baraza lipitishe namba hizo kwa kura, na usomaji wa ubao uandikwe kwenye majukumu ya cheo, si ya mtu, ili daftari lisihame pamoja na karani.